Kutafuta Mababu Kupitia Wasia na Mirathi za Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara watu wanapolitoa kasha la bibi uvunguni na kukuta humo karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye maandishi ya Kiarabu, muhuri na alama ya dole gumba. Majibu yanahusu zaidi Unguja, Pemba, Mombasa na mwambao wa Tanganyika, maana huko hati za wasia na mirathi ziliandikwa kwa wingi tangu karne ya 19. Bara nimeigusa pale utaratibu wake unapotofautiana. Jibu likishatolewa mahali pamoja sikulirudia; nimetaja namba ya swali ulifuate huko.

## Mwanzo

1. Wasia na mirathi si kitu kimoja?

Hapana, na tofauti hii ina faida kubwa kwa anayetafuta ukoo wake. Wasia (bara wengi husema wosia) ni maneno ya mtu mwenyewe kabla hajafa: nani apewe nini, nani amsimamie, deni gani lilipwe. Mirathi ni mgawanyo unaofanyika baada ya kufa kwake, uwe umeachwa wasia au haukuachwa.

Kwa sheria ya Kiislamu, ambayo ndiyo iliyotawala mirathi nyingi za pwani, wasia hauvuki theluthi moja ya mali, na haufanyiwi mrithi isipokuwa warithi wenzake wakiridhia. Kwa hiyo jina likitajwa kwenye theluthi, dhana yako ya kwanza iwe kwamba mtu huyo hakuwa mrithi. Anaweza kuwa mtoto wa kulea, mtumwa aliyeachwa huru, mjukuu aliyefiwa na baba, au jirani aliyemuuguza marehemu. Nimewaona watu wakiliingiza jina la kwenye wasia katika shajara (mti) ya ukoo kama mtoto wa kuzaa, kisha wakapotea vizazi viwili vizima.

2. Mababu zangu hawakuwa na mali. Kuna haja ya kutafuta?

Ipo. Jalada la mirathi halikufunguliwa kwa matajiri tu. Minazi kumi na miwili, nusu ya nyumba ya udongo, au mshahara wa mwezi wa mwisho bandarini vilitosha kuwapeleka ndugu kwa kadhi au kwa liwali (mtawala wa mji wa pwani). Na hata kama babu yako hakuacha kitu, huenda jina lake limo kwenye mirathi ya mwingine, kama shahidi, mdeni, mpangaji, au jirani wa shamba. Usitafute mali ya babu. Mtafute babu mwenyewe, popote alipowahi kusimama mbele ya mwandishi.

3. Nianzie wapi kabla ya kwenda ofisi yoyote?

Anza kwa wazee wa nyumbani, na anza leo. Usiwaulize "babu alizaliwa lini?" kwani wengi hawajui. Waulize alizikwa wapi, shamba lake lilipakana na la nani, nani aligawa mirathi yake, na nani aliondoka kwa hasira baada ya kugawana. Ugomvi wa mirathi hukumbukwa kuliko harusi.

Andika majina yote aliyokuwa nayo marehemu: jina la kitabuni, jina la utani, jina la mlango wake (tawi la ukoo), na jina la baba wa baba. Pwani mtu mmoja aweza kuandikwa Juma bin Khamis mahali pamoja, na Juma wa Mwembetanga mahali pengine. Tafuta pia eneo la shamba au nyumba, maana daftari nyingi za zamani hufuatika kwa mahali upesi kuliko kwa jina.

## Karatasi ziko wapi

4. Zanzibar nitafute wapi?

Kituo cha kwanza ni Nyaraka za Taifa, Kilimani. Majalada yamepangwa kwa herufi, na tatu zitakuhusu sana: AM kwa daftari za hati zilizosajiliwa (mauzo, rehani na nyinginezo), HC kwa Mahakama Kuu na mahakama zilizokuwa chini yake, na HD kwa Kamisheni ya Wakfu. Ukipata jalada, nakili herufi na namba zote kama zilivyo. "Niliiona faili moja ya kijani" haitakusaidia ukirudi mwaka ujao.

Kamisheni ya Wakfu ilianza 1905, na mrithi wake leo ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo bado inashughulikia mirathi za Waislamu visiwani. Kama nyumba ya ukoo wenu Mji Mkongwe "ni ya wakfu", historia yake huenda iko huko (tazama pia swali la 19).

Familia za Kihindi zilizokuwa raia wa Uingereza zilipeleka mambo yao kwenye mahakama ya konseli wa Kiingereza tangu miaka ya 1860, si kwa kadhi. Mhindu aligawiwa kwa sheria ya kwao, kwa hiyo hesabu za swali la 12 hazimhusu.

5. Na Mombasa, Lamu, Malindi?

Hapa kuna hazina ambayo watu wengi wa mwambao wa Kenya hawaijui. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hati za ardhi kwa ule ukanda wa maili kumi uliokuwa wa Sultani. Kila aliyedai shamba au kiwanja alitakiwa alete dai lake kwa msajili na kulithibitisha. Walithibitishaje? Kwa kueleza nani alimrithi nani: "nimerithi kwa baba, naye kwa baba yake, na shangazi yangu ana fungu". Dai la ardhi likawa kisa cha ukoo kilichoandikwa rasmi. Ofisi ya ardhi ya Mombasa ndipo pa kuanzia. Jambo la kusikitisha ni kwamba wengi, hasa Wamijikenda, hawakudai au hawakutambuliwa, na ardhi yao ikahesabiwa kuwa ya serikali. Kutokuonekana kwenye daftari hizo si ushahidi kwamba ukoo haukuwepo pale.

Mahakama za Kadhi zilikuwepo kabla ya ukoloni na bado zipo. Katiba ya 2010 imezipa mambo ya ndoa, talaka na mirathi pale wahusika wote wanapokuwa Waislamu. Majalada ya zamani mengine yamehamishiwa kwenye Nyaraka za Taifa, Moi Avenue jijini Nairobi.

Usilisahau Gazeti Rasmi la Serikali, linalochapishwa tangu 1899. Matangazo ya mirathi hutaja jina la marehemu, mahali alipoishi, tarehe ya kufa na jina la anayeomba usimamizi, mara nyingi pamoja na uhusiano wake. Matoleo mengi yamewekwa kwenye intaneti na unaweza kuyatafuta kwa jina. Jaribu kila tahajia: Hamisi, Khamis, Hamis, Khamisi.

6. Tanzania Bara je?

Bara hakuna mahakama ya kadhi ya kiserikali. Mirathi nyingi hupita Mahakama ya Mwanzo, kwa sheria ya Kiislamu au ya kimila. Majalada hubaki mahakama ileile, na mara nyingi yamefungwa kwa kamba kwenye stoo, yamepangwa kwa mwaka. Ukienda na namba ya shauri na mwaka umeokoa siku nzima. Ukienda na jina tu, nenda na subira na maneno mazuri kwa karani.

Ndani ya jalada kuna karatasi ninayoipenda kuliko zote: muhtasari wa kikao cha ukoo. Kabla ya kuomba usimamizi, ndugu hukaa, humteua msimamizi, huorodhesha wajane na watoto wote, kisha husaini. Kwa mwendo huo unapata vizazi viwili au vitatu kwenye ukurasa mmoja, pamoja na sahihi ya babu mdogo ambaye hata picha yake hamna. Tafuta pia orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo ambazo msimamizi alitakiwa kuzirudisha mahakamani.

Kwa jamii zinazofuata ukoo wa mama, kama Waluguru, Wamakonde, Wamakua na Wamwera, usishangae mrithi wa zamani akiwa mpwa na si mtoto. Hapo watoto si kwamba hawakuwepo. Mali ilipita upande wa mjomba. Sheria za kimila zilizoandikwa 1963 zilitungwa kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, kwa hiyo usizitumie kueleza mirathi ya Mluguru ya mwaka 1940.

Marehemu aliyekufa bila ndugu karibu, baharia au kibarua wa mkonge kwa mfano, aweza kuwa mikononi mwa Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye kazi zake leo ziko RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini). Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ina majalada ya utawala wa Wajerumani na ya Waingereza.

7. Familia yetu ilihamia Oman. Karatasi zilikwenda nazo?

Nyingi zilikwenda. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964, na tena baada ya 1970 Sultan Qaboos alipowafungulia mlango, koo nyingi zilihamia Muscat na miji ya ndani. Watu waliondoka na walichoweza kubeba, na hati ya shamba ni nyepesi kuliko kitanda. Kwa hiyo hati ya shamba lililoko Pemba inaweza kuwa kwenye kabati la binamu huko Muscat au Nizwa. Oman ina mamlaka ya taifa ya nyaraka na kumbukumbu ambayo hupokea pia hati za watu binafsi. Lakini binamu kwanza. Mpigie simu, msalimie vizuri, muulize hali ya watoto, na usitaje shamba siku ya kwanza.

8. Naruhusiwa kuona jalada lolote?

La. Kwa kawaida nyaraka za serikali hufunguliwa baada ya miaka 30, na majalada ya karibuni zaidi huombwa mahakamani na mtu mwenye uhusiano na marehemu. Beba kitambulisho, na ukiweza, cheti cha kuzaliwa kinachokuunganisha na mzazi, na cha mzazi kinachomuunganisha na marehemu. Asiye raia ataulizwa kibali cha utafiti. Fuatilia hilo kabla ya kukata tiketi.

## Kusoma kilichoandikwa

9. Hati ni ya Kiarabu, nami sijui. Nifanyeje?

Kwanza hakikisha kama ni Kiarabu. Nyingi ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mtu aliyesoma chuoni (madrasa) aweza kukusomea kwa sauti ukashangaa kusikia lugha yako. Tatizo ni kwamba herufi hizo za asili hazina *p*, *ch*, *v* wala *g*, na irabu mara nyingi hazikutiwa. Neno moja laweza kusomeka kwa njia tatu, na majina ya vijiji ndiyo yanayoteseka zaidi. Mpe msomaji wako orodha ya vijiji na majina ya ukoo kabla hajaanza.

Jua pia kwamba Pemba huandikwa mara nyingi *al-Jazira al-Khadra*, yaani kisiwa cha kijani. Nilikaa miezi kadhaa nikiamini babu wa mama yangu alikuwa na shamba Arabuni, kumbe lilikuwa Pemba.

Maneno ya kuyazoea: *marhum* ni marehemu, *bint* ni binti, *zawja* ni mke, *wasii* ni aliyekabidhiwa kutekeleza wasia, *shahid* ni shahidi, *atiq* ni aliyeachwa huru.

10. Tarehe zinasema 1318. Ni mwaka gani huo?

Ni mwaka wa Hijria. Mwaka 1318 ulianza 1 Mei 1900 na kumalizika Aprili 1901, kwa hiyo hati ya tarehe 15 Rajabu 1318 ni ya mapema Novemba 1900. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11. Miaka 33 yake ni sawa na 32 ya jua. Mzee "wa miaka 60" kwenye hati ya kadhi alikuwa na kama 58 kwa hesabu ya serikali. Programu za kubadilisha tarehe zipo nyingi, ila zaweza kukosea siku moja au mbili kwa sababu ya kuandama kwa mwezi. Siku nayo huanza magharibi, hivyo aliyekufa "usiku wa Ijumaa" alikufa ile mnayoiita Alhamisi usiku.

Hati za Kiswahili hutumia pia hesabu ya mifunguo: mfunguo mosi ni Shawali, mwezi unaofuata Ramadhani, mfunguo tatu ni mwezi wa Hija, mfunguo nne ni Muharamu, na hesabu huendelea hadi mfunguo tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Tahadhari hapa, maana mfunguo nne si mwezi wa nne.

11. Hati ni ndefu. Sehemu gani isomwe kwanza?

Mwisho. Wengi hukimbilia "ameacha nini", lakini mashahidi ndio watakaokufungulia mlango. Shahidi hakuokotwa njiani. Alikuwa shemeji, imamu wa msikiti wa mtaa, mwenzake wa biashara, au mkuu wa mlango. Orodhesha mashahidi wa hati zote za ukoo wako, na jina linalojirudia lifuate.

Kisha soma mipaka. Shamba la zamani halikupimwa kwa ekari; lilihesabiwa kwa mikarafuu na minazi na kuelezwa kwa majirani: kaskazini shamba la fulani, kusini njia iendayo kisimani. Majirani hao mara nyingi ni ndugu, kwa sababu shamba moja la babu lilikatwa vipande alipokufa. Mkiwa na hati tatu za miaka tofauti mnaweza kuchora shamba zima likigawanyika kizazi baada ya kizazi.

Halafu soma madeni. Mdai wa karafuu na mwenye duka la nguo wanaonyesha babu alikuwa akienda wapi na alijuana na nani.

12. Hati inataja mafungu tu, bila kusema nani ni nani. Naweza kujua uhusiano wao?

Mara nyingi ndiyo, na kwangu mimi hii ndiyo sehemu tamu ya kazi yote. Mafungu ya faraidhi yamewekwa na Qurani, hayategemei mapenzi ya mtu, kwa hiyo unaweza kuhesabu kinyumenyume. Mke hupata 1/8 kama marehemu ameacha watoto, 1/4 kama hakuacha. Mume hupata 1/4 au 1/2 kwa sharti hilohilo. Mama hupata 1/6 palipo na watoto. Mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike.

Tuseme karatasi imechanika, na kilichobaki ni majina matano ya warithi wa mtu mmoja na mafungu 96: Mwanaisha 12, Fatuma 16, Saidi 34, Asha 17, Zuhura 17. (Majina ni ya mfano.) Mwanaisha ana 12 katika 96, yaani 1/8, huyo ni mke, na palikuwa na watoto. Fatuma ana 1/6; ni mama wa marehemu, au bibi yake ikiwa mama alishatangulia. Yaliyobaki ni 68, na Saidi ana mara mbili ya kila mmoja wa wale wawili: mtoto wa kiume na dada zake wawili. Bila neno moja la uhusiano umepata vizazi vitatu, na umejua kwamba Fatuma alimzika mwanawe au mjukuu wake. Kama pangekuwa na majina mawili ya kike yenye 6 na 6 badala ya 12, hao ni wake wenza.

Marehemu aliyeacha binti peke yake ndiye mwenye kuacha hati tajiri kuliko zote. Binti mmoja huchukua nusu, mke 1/8, na 3/8 iliyobaki huenda kwa asaba, yaani mwanamume wa karibu zaidi kwa upande wa baba. Anaweza kuwa ndugu, mtoto wa ndugu, au binamu wa mbali aliyetokea Hadhramaut au Ngazija akidai haki. Ili apewe, ilibidi athibitishe nasaba yake mbele ya kadhi hadi kwa babu waliyekutana. Ukiona mtu usiyemjua kabisa ana 3/8, usifunge jalada; maelezo ya nasaba hiyo yamo humohumo au kwenye jalada la shauri lililoandamana nalo.

Zanzibar ilikuwa na makadhi wa Kiibadhi na wa Kisuni. Mafungu makuu hayatofautiani, lakini kuna masuala madogo yanayotofautiana. Kwa hiyo tazama shauri lilisikilizwa na kadhi gani. Mara nyingi hiyo pia inakuambia marehemu alikuwa wa madhehebu gani.

13. Reale, rupia, shilingi: nitajuaje thamani?

Usihangaike kubadilisha kuwa fedha za leo. Tumia sarafu kukadiria wakati wa hati isiyo na tarehe. Reale ni fedha ya Maria Theresa ya karne ya 19. Rupia ikaichukua nafasi yake. Zanzibar iliendelea na rupia hadi 1936 ilipoingia shilingi ya Afrika Mashariki, rupia moja kwa shilingi moja na nusu. Kenya na Tanganyika zilikuwa zimeshaingia kwenye shilingi mapema miaka ya 1920. Hati ya Tanganyika inayotaja rupia na heller ni ya Wajerumani, baada ya 1904.

## Waliofichika

14. Mbona siwapati wanawake wa ukoo wetu?

Unawatafuta kwenye karatasi zisizo zao. Kwenye kodi, ajira na siasa za zamani mwanamke haonekani. Kwenye mirathi yumo kwa lazima, kwa sababu ana fungu lake. Wanawake wa pwani walimiliki nyumba, mashamba na dhahabu, waliweka wakfu, na waliwashitaki kaka zao kwa kadhi walipodhulumiwa. Tafuta chini ya jina la baba yake, si la mume, kwani pwani mke hakubadili jina. Binti Salim alibaki binti Salim hata akiolewa mara tatu.

15. Nahisi babu alikuwa mtumwa. Karatasi zipo?

Zipo zaidi ya watu wanavyodhani, na naomba zisomwe kwa heshima. Wengi waliachwa huru kwa wasia, tena kwa majina: "wafuatao ni huru baada ya kufa kwangu, na kila mmoja apewe minazi kadhaa". Hilo liliingia kwenye ile theluthi ya swali la 1. Kwa watumwa walioshikwa na Wahindi raia wa Uingereza, konseli Rigby aliamuru waachwe huru mwaka 1860 na majina yao yakaorodheshwa. Baada ya amri ya Aprili 1897 Unguja na Pemba, mtumwa aliyetaka uhuru alikwenda mahakamani na bwana wake akalipwa fidia, kwa hiyo jina liliandikwa. Mwambao wa Kenya ulifuata 1907.

Jihadhari na jina la baba. Aliyeachwa huru mara nyingi aliandikwa "bin Abdalla" au jina la bwana wake, na jina la baba halisi wa Unyasa, Umanyema au Uzigua halikuulizwa. Ukifika hapo, nasaba ya karatasi huishia. Iandike hivyo, usiibuni.

Uhusiano wenyewe haukuishia hapo kisheria. Aliyeachwa huru akifa bila mrithi wa damu, bwana wa zamani au watoto wake waliweza kudai urithi. Madai hayo yalizaa mashauri, na mashauri yakaacha majina ya wake, wenza na mashahidi wa watu ambao hakuna daftari lingine lililowaandika.

16. Bibi mkuu alikuwa suria (mtumwa aliyewekwa kinyumba na bwana wake). Watoto wake wanahesabiwaje?

Kisheria mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba alirithi sawasawa na mtoto wa mke, na mama yake akawa huru bwana alipokufa. Kwa hiyo kwenye mafungu huwezi kumtofautisha mtoto huyo na nduguze. Ishara ni mama: watoto wana mafungu kamili, lakini hakuna mke anayelingana nao. Amri ya 1897 haikuwagusa masuria. Walifikiwa na ya 1909. Kuna familia ambazo habari hii bado ni kidonda. Ukiipata, mwambie kwanza mzee wa nyumba peke yake, kabla hujaiweka kwenye kundi la simu la ukoo.

17. Mtu tunayemjua kabisa hatajwi kwenye mirathi. Alikataliwa?

Si lazima. Sababu ya kawaida kuliko zote ni kwamba alitangulia kufa. Watoto wake nao hawarithi kwa babu yao ikiwa babu ameacha mtoto wa kiume aliye hai, na ndiyo maana wajukuu hao huonekana kwenye wasia badala ya mirathi. Mtoto wa kulea naye harithi, hata kama alilelewa tangu siku ya arubaini.

Sababu nyingine ni dini. Asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Mfano unaojulikana ni Salama binti Said, binti wa Sayyid Said aliyekufa 1856. Aliondoka Zanzibar 1866, akabatizwa, akaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete. Alirudi 1885 na tena 1888 kudai urithi wake, asifanikiwe. Anayesoma tu mgawanyo wa mali za ndugu zake waliokufa baadaye angedhani hawakuwa na dada huyo. Katika koo za Mbweni, Frere Town na Bagamoyo, ambako misheni zilipokea watu walioachwa huru, linganisha mirathi na daftari za ubatizo.

## Pale mambo yanapokuwa mazito

18. Hati mbili zinapingana. Niamini ipi?

Uliza kila moja iliandikwa kwa ajili gani. Anayedai shamba ana sababu ya kupunguza idadi ya ndugu. Anayeomba asamehewe deni ana sababu ya kuiongeza. Iliyopingwa mahakamani ikasimama ina uzito kuliko ambayo hakuna aliyeihoji. Ile iliyoandikwa karibu na kifo nayo inaizidi ya miaka 40 baadaye, ingawa mirathi iliyochelewa sana ina faida moja: hutaja waliokufa katikati, mmoja mmoja, pamoja na warithi wao. Weka zote mbili kwenye kumbukumbu zako na useme zinapingana wapi.

19. Tumegundua nyumba ya wakfu au shamba la babu. Tunaweza kulidai?

Hilo ni la wakili, nami sitajifanya wakili. Ila jueni haya. Mwenye kuweka wakfu kwa kizazi chake aliitoa nyumba kwenye mirathi, kwa hiyo wanufaika wana haki ya kukaa au kupata kodi, si ya kuuza. Mahakama za Kiingereza zilizikataa wakfu nyingi za kifamilia, na Kenya ilitunga sheria 1951 kuzitambua. Zanzibar, baada ya 1964 mashamba mengi yalitaifishwa na kugawiwa watu ekari tatu tatu. Wanaokaa pale leo wana historia yao pia, na watoto waliozaliwa pale. Nimeona ndugu wakiacha kusalimiana kwa sababu ya hati ya 1920 isiyo na nguvu yoyote leo. Kabla ya kuzisambaza nakala, kubalianeni kama ukoo mnatafuta nini.

20. Mahakama inasema jalada limepotea. Nimefika mwisho?

Bado. Shauri moja liliacha alama sehemu kadhaa: rejista ya mashauri, tangazo gazetini, hati ya ardhi iliyobadilishwa jina, risiti ya ada, rufaa kwenye mahakama ya juu. Rejista peke yake hukupa tarehe na jina la mwombaji. Tafuta pia jalada la mirathi ya *mjane*, maana alipokufa ilibidi kueleza fungu lake lilitoka wapi.

21. Nitunzeje karatasi tulizonazo?

Usizitie kwenye mashine ya plastiki, ile inayotumika kufunikia vitambulisho. Joto na gundi huziua, na hazirudi tena. Usibandike selotepu. Zifungue taratibu siku isiyo na unyevu, zipige picha pande zote mbili kwa mwanga wa dirishani (nyuma ndiko kwenye namba ya usajili), kisha zilaze bila kuzikunja ndani ya bahasha ya karatasi, mbali na jiko, ukuta wenye chumvi na mchwa. Nondo na mende hupenda gundi ya zamani, basi zikague kila baada ya miezi michache.

Nyuma ya kila picha, au kwenye jina la faili la simu, andika hati imetoka kwa nani, alipewa na nani, na imesomwa na nani. Nakala wape ndugu wa miji miwili tofauti. Hati yenyewe ibaki kwa yule ambaye wazee walimkabidhi.